Nyuzi Nane na Kisima cha Mama Oresta

Jumamosi, mwezi wa sita. Jioni, upepo mkali.

Leo upepo wa Ufipa umeamua kutukumbusha nani mwenye mji. Tangu asubuhi unavuma bila kupumzika, vumbi limeingia mpaka kwenye vitufe vya laptop, na mimi nimekaa hapa nimevaa masweta mawili na soksi za kaka yangu. Midomo imepasuka. Hata hivyo nina furaha, ila ni furaha yenye donge katikati, na nisipoandika sasa hivi nitaanza kujidanganya kwamba mambo yalikwenda vizuri kuliko yalivyokwenda.

Kwa hiyo naanza na lile lisilo na ubishi: mimi ni mzuri sana kwenye kazi yangu.

Nasema bila haya. Naandika programu za kompyuta hapahapa Sumbawanga, kwenye chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na nimeshachoka kuulizwa nitahamia lini Dar. Sihami. Hapa kuna kazi nyingi kuliko mikono yangu, na hakuna joto.

Kazi ya mwaka huu ni ya Kasiani, mpima ardhi mwenye ofisi yake ndogo karibu na stendi. Yeye na wenzake wanapima mashamba vijijini ili wenyewe wapate hati za kimila. Wanasimama kwenye kila kona ya shamba na kifaa cha kupokea satelaiti, wanachukua vipimo, kisha wanarusha drone ipige picha kutoka angani. Vipimo peke yake havitoshi kwa sababu kifaa hukosea mita kadhaa huku na huku. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Programu yangu inachukua kila kona, inaitafuta kwenye picha, inalinganisha, inaisogeza mpaka ikae panapostahili, halafu inachora ramani.

Kijiji tulichonacho sasa kiko ukingoni kabisa mwa uwanda, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda Muze. Kina mashamba zaidi ya elfu moja. Programu ya kwanza niliyoiandika ilikuwa inayapitia moja baada ya jingine, na ilimaliza kwa masaa matatu na dakika kumi. Umeme ukikatika katikati, unaanza upya. Na umeme wetu mnaujua.

Nikaona hapana, hii nitaikimbiza.

Naomba nieleze kidogo, kwa sababu bila hili makosa yangu hayaeleweki, na mimi nataka yaeleweke.

Kuna kitu kinaitwa lambda. Kwa kawaida ukiandika programu, kila kazi unaipa jina, kisha unaiita kwa jina lake ukiihitaji. Lambda haina jina. Unaiandika palepale, mstari mmoja au miwili, na kumkabidhi yeyote aliye na nafasi. Ni kama kile kijikaratasi cha maagizo unachompa mtu wa kwanza anayetoka kwenda dukani. Hujali ni nani, unachotaka ni kazi ifanyike na arudi.

Halafu kuna nyuzi. Laptop yangu ina nyuzi nane, maana yake inaweza kufanya kazi nane kwa wakati mmoja, kana kwamba mna mafundi wanane humo ndani. Programu yangu ya zamani ilimtumia fundi mmoja, saba wakawa wanaota jua.

Nikaandika lambda moja safi: chukua shamba, zungukia kona zake, sahihisha kila kona, rudi uchukue shamba jingine. Nikawagawia wote wanane. Kazi ya masaa matatu ikaisha kwa dakika ishirini na sita. Nilisimama nikacheza peke yangu mule chumbani. Mliosoma hapa miezi miwili iliyopita mnakumbuka nilivyojisifu, na sijaifuta ile post. Ibaki inisute.

Kabla ya kuitumia niliipima. Mimi si mtu wa kuruka kipimo. Nilichukua data ya viwanja vya mjini ambavyo Kasiani alishavipima, nikaiendesha programu mara kumi, na mara zote kumi majibu yalifanana mpaka tarakimu ya mwisho. Nikaridhika.

Mjini kila kiwanja kina mawe yake manne ya mpaka, na kati ya kiwanja na kiwanja kuna kichochoro. Kijijini hakuna kichochoro. Shamba lako linaishia pale la jirani linapoanza, na ile kona ni yenu wote.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilijua kabisa.

Nililiona kwa macho yangu kwa Mama Oresta. Huyu ni mama mjane, umri wa mama yangu, shamba lake liko upande wa chini wa kijiji. Marehemu mumewe alichimba kisima karibu na kona ya chini ya shamba, na kisima hicho ndicho kinachomwagilia bustani yake wakati wa kiangazi: kabichi, vitunguu, mchicha. Shamba linalofuata ni la shemeji yake, Desideri, mdogo wa marehemu. Tangu wazike, hao wawili hawajawahi kukubaliana ile kona ya chini iko wapi. Desideri alikuwa anasema kisima kiko kwake. Mama Oresta alikuwa anasema Desideri ndiye aliyekuwa akimletea kaka yake maji ya kunywa wakati anachimba, kwa hiyo anajua vizuri kilichimbwa wapi.

Pale kijijini wana utaratibu mmoja ambao hawaulegezi. Kona haiandikwi mpaka majirani wote wanaohusika wafike, wasimame kila mtu upande wake, na mjumbe wa kamati awepo. Akikosekana mmoja, mnarudi nyumbani. Wakishakubaliana, unapandwa mkonge palepale, na kona inapewa namba moja tu, si namba ya huyu na namba ya yule. Kamati ilikwenda kwa Mama Oresta mara mbili ikarudi bure kwa sababu Desideri hakutokea. Mara ya tatu akaja, na siku hiyo na mimi nilikuwepo, nimemsindikiza Kasiani ili nione vipimo vinavyochukuliwa. Desideri alizunguka, akakuna kichwa, akatazama kisima kwa muda mrefu. Mwisho akasimama mahali pamoja akasema, "Hapa." Mama Oresta akasogea mbele yake. "Hapa."

Kona namba mia nne kumi na saba. Kisima kikabaki upande wa Mama Oresta.

Nilipiga makofi na wenzangu, nikarudi mjini, nikaiingiza kona hiyo kwenye programu iliyoandikwa kana kwamba kila shamba liko peke yake duniani.

Basi sikilizeni kilichotokea. Lambda ina tabia moja tamu na ya hatari: inabeba vitu vya mahali ilipoandikiwa. Yangu ilikuwa inabeba jedwali la kona. Nyuzi nane, vijikaratasi vinane, lakini jedwali ni moja. Uzi mmoja unashika shamba la Mama Oresta, unasoma kona mia nne kumi na saba ilipo, unaanza hesabu ya kuisogeza. Kabla haujaandika jibu, uzi mwingine ulioshika shamba la Desideri unasoma kona ileile, ikiwa bado palepale pa zamani. Wa kwanza unaandika jibu lake. Wa pili unaandika lake juu ya lile. Vipimo vya upande mmoja vinapotea, na hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu, programu inamaliza vizuri na kukupongeza.

Kibaya zaidi, si kila mara. Inategemea uzi upi umewahi. Leo kona hii, kesho ile.

Ramani ya kwanza ilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji wiki mbili zilizopita ili watu waikague kabla ya mkutano wa kuipitisha. Mkutano ulikuwa uwe leo.

Alhamisi mchana nilikwenda kwa Hadija kuchapisha nakala nyingine. Hadija ana duka la steshenari kwenye jengo la baba yake, na ndiye mwenye printa kubwa ya ramani mtaani kwetu. Kasiani alitaka majina ya wenye mashamba yaandikwe makubwa zaidi, kwa hiyo niliiendesha programu upya, nikampelekea, na karatasi moja ya zamani nikaibeba kwa ajili ya kulinganisha ukubwa. Ilikuwa ile karatasi ya upande wa chini wa kijiji. Hadija akazibandika mbili kwa pamoja kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, jua likapenya.

"Dada Gene," akaniambia, "hii na hii siyo moja."

Nikamwambia ni printa yake inavuta karatasi.

"Printa yangu inaweza kuvuta karatasi," akasema. "Haiwezi kuhamisha kisima."

Nikasogea dirishani. Kwenye karatasi mpya, kisima kilikuwa ndani ya shamba la Mama Oresta. Kwenye ile ya zamani, ambayo nakala yake iko ukutani kijijini, mstari ulikuwa umeingia ndani kama mita sita na kisima kimebaki nje, kwa Desideri.

Nilirudi chumbani nikaiendesha mara ya tatu. Ile kona ilikaa sawa, lakini kona nyingine upande wa shule ikahama.

Programu moja. Vipimo vilevile. Majibu matatu.

Nimewahi kukosea, kila anayeandika programu anakosea, lakini makosa yangu ya kawaida ni skrini kugoma na mteja kunipigia kelele. Haya yalikuwa ya kumnyang'anya mtu maji kimyakimya, na mimi nikaitwa mtaalamu.

Nikampigia Kasiani. Kasiani si mtu mbaya. Amechoka, ana vijiji vingine vinamsubiri. Akanisikiliza, kisha akasema tubandike mpya, tutoe ya zamani, mambo yasiwe mengi. Nani anapima ramani kwa rula?

Nikakubali. Niliandika hapo juu kwamba nataka makosa yangu yaeleweke, basi na hili liwemo. Nilikubali, nikachemsha chai, nikanywa kikombe kizima nikiwa nimekubali.

Halafu simu ikaita, mwenyekiti wa kijiji. Hakuwa na habari za kompyuta yangu, alikuwa anauliza tutafika saa ngapi Jumamosi. Katika kuongea akanidokeza kwamba Desideri ameipiga picha ile ramani ya ukutani kwa simu yake, anaionyesha watu kilabuni, anasema kompyuta imeamua, na ameanza kuchimba mashimo ya nguzo za uzio. Mama Oresta hajasema kitu. Siku hizi anachota maji alfajiri, watu hawajaamka.

Nikaiacha chai ya pili ipoe. Nilimwona yule mama na ndoo yake, anakwenda kisimani kwake kama mwizi, kwa sababu yangu. Nikampigia tena Kasiani nikamwambia mimi nitasimama kwenye mkutano niseme nilichofanya. Akasema nitamharibia jina. Nikamwambia jina litakaloharibika ni la kwangu, na la kwangu nalimudu.

Ijumaa asubuhi nikakaa kwenye kazi. Na hapa naomba mniruhusu nijivune tena kidogo.

Jaribio la kwanza lilikuwa la uvivu. Niliweka kufuli kwenye jedwali: uzi mmoja ukiingia kusahihisha, wengine wote wanangoja nje. Majibu yakawa sahihi kabisa. Muda: masaa matatu na dakika arobaini. Yaani mafundi wanane walichukua muda mrefu kuliko fundi mmoja, kwa sababu wanane wote walipanga foleni kwenye mlango mmoja na kupoteza muda kwa kupishana. Nilicheka mpaka mwenye duka akabisha hodi kuuliza kama niko salama.

Nikatoka nje kunyoosha miguu. Upepo ulikuwa unapeperusha maganda ya alizeti barabarani. Nikawa nafikiria zile siku mbili kamati ilizorudi bure kutoka kwa Mama Oresta. Kwa nini walirudi? Wangeweza kuandika upande wa mama peke yake, wakaja kuandika wa Desideri siku nyingine. Kasiani mwenyewe aliwashauri hivyo, kuokoa muda. Mjumbe wa kamati, mzee mmoja mkavu, alimjibu kwamba hawakuja pale kupima mashamba. Walikuja kupima mipaka.

Nilisimama palepale barabarani.

Nilikuwa nagawa mashamba. Nilitakiwa kugawa kona.

Nikarudi ndani karibu nakimbia. Lambda mpya inasema hivi: chukua kona moja, ita vipimo vya majirani wake wote, wawe wawili au wanne, piga hesabu moja, rudisha jibu. Basi. Haigusi jedwali, haiandiki popote, haijui kona nyingine ipo. Nyuzi nane zinaweza kukimbia zinavyotaka kwa sababu hakuna hata nyuzi mbili zinazoshika kona moja. Mwishoni kabisa, wote wakisharudi, anaandika mmoja. Hakuna kufuli, hakuna foleni. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza, mistari kumi na minne tu.

Dakika ishirini na nane. Nikaiendesha mara tano na majibu yakafanana yote matano. Nikayalinganisha na ile programu ya zamani ya fundi mmoja, yakafanana na hayo pia. Kona mia nne kumi na saba ikakaa pale waliposema hapa na hapa. Ramani ya ukutani ilikuwa imekosea kona thelathini na nane. Nyingi ni nusu mita, mita moja. Chache ni za kutisha.

Leo asubuhi tukaondoka na gari la Kasiani. Njia nzima akawa anasikiliza redio ambayo haishiki vizuri.

Mkutano ulikuwa nje ya ofisi ya kijiji, watu wamejikunyata kwa baridi, kina mama wamejifunga vitenge mpaka kichwani. Nikawaamkia wazee. Mwenyekiti akanipa nafasi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kitaalamu, nikayaacha. Nikaongea Kiswahili, nikichanganya na Kifipa changu cha kwetu Laela ambacho huku wanakicheka. Nikawaambia: niliwatuma watu wanane kurekebisha mipaka yenu kwa siku moja, kila mmoja na shamba lake, wala sikuwaambia kwamba mpaka ni wa wawili. Mmoja akisogeza alama, mwingine anakuja nyuma yake anaisogeza tena bila kujua. Ramani iliyoko ukutani ina makosa. Aliyekosea ni mimi, si kifaa, wala si Kasiani, wala si kamati yenu. Hii hapa ni mpya, na haya ni majina ya wote ambao kona zao zilihama.

 

Desideri akasimama. Mrefu, koti la jeshi lililopauka, simu mkononi. Nilitegemea kelele. Aliongea taratibu.

"Dada, hii ya kwangu imetoka kwenye kompyuta. Hiyo ya kwako nayo imetoka kwenye kompyuta. Jana ulikuwa na uhakika, leo una uhakika. Kwa nini niamini uhakika wa leo?"

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mteja, na sikuwa na jibu la kwenye laptop. Ningemwambia nini, nimeiendesha mara tano? Ile nyingine niliipima mara kumi.

Nikamwambia asiniamini. Nikamwomba twende tukapime kwa tepu, yeye mwenyewe ashike.

Tulikwenda wote, mkutano mzima, tukiteremka kwenye mabua ya mahindi. Mama Oresta alikuwa mbele. Mashimo matatu ya nguzo niliyaona kabla ya kukiona kisima. Yalikuwa kati ya kisima na bustani ya kabichi. Na kule ng'ambo ya kisima, mkonge wa siku ile ulikuwa bado umesimama, umeshachipua jani jipya. Nikautazama sana ule mkonge. Wiki mbili nzima Desideri alikuwa na ramani inayompa kisima, na alama pekee inayomkatalia ni mmea wa kung'oa kwa mkono mmoja. Hakuung'oa.

Ramani mpya inasema kutoka ukingo wa kisima mpaka kwenye kona ni mita nne na robo. Mjumbe wa kamati akashika tepu kisimani, Desideri akaenda na ncha nyingine mpaka kwenye mkonge. Akainama, akaivuta ikakaza. Akasoma mwenyewe, kwa sauti: mita nne, sentimita ishirini na nane.

Alipoinuka hakunitazama mimi, alimtazama shemeji yake. Kisha akairudisha simu mfukoni, akaenda kwenye shimo la kwanza, akaanza kusukumia udongo ndani kwa mguu.

"Andikeni," akasema.

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, mwenyekiti akacheka, Kasiani akanipiga begani kwa mara ya kwanza leo. Mimi nilitaka kulia na nikaona aibu, nikajifanya nakunja tepu. Nilikuwa nimeshinda. Najua kushinda kulivyo, na kule kulikuwa kushinda.

Mama Oresta akanifuata. Nilimpa shikamoo ya pili ya siku, akaitikia marahaba. Nilijiandaa kupokea asante. Hakunipa asante, na kwa nini anipe? Alinishika mkono akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Mwanangu, huo mtambo wako ulianzia kwetu?"

 

Haukuanzia kwao.

Mwezi wa nne, wiki ileile niliyocheza peke yangu chumbani, niliiendesha ile programu ya dakika ishirini na sita kwa kijiji kingine, kule bondeni kabla ya kufika Muze. Ramani zilipita. Hati zilishatoka, watu walipiga nazo picha, wakazifunga kwenye mifuko ya nailoni wakaziweka chini ya godoro. Hakuna aliyelalamika. Mimi tangu Alhamisi nilikuwa nahangaika na kisima kimoja, na hilo halikunipitia akilini hata mara moja. Au lilipita nikaliangalia likienda. Sina hakika.

Njiani nilimwambia Kasiani. Alisimamisha gari. Akasema wale wameshapewa hati na wametulia, nikiwaamsha sitajua mwisho wake. Nikamwambia wametulia kwa sababu wametuamini. Akawasha gari.

Nimefika hapa saa tisa, nikaiweka data ya bondeni kwenye programu mpya. Dakika ishirini na tatu. Kona hamsini na nne zimehama. Kuna moja imehama mita tisa. Nina jina la mwenye shamba, mwanamume, na jina la jirani yake, mwanamke. Sijui kati yao kuna nini. Labda miti. Labda kaburi. Labda hakuna kitu. Huenda yuko mtu anayechota maji alfajiri.

Siogopi kazi. Programu sasa ni sahihi, na naweza kuieleza kwa yeyote, kwa tepu au kwa hesabu. Kwenye hilo sina wasiwasi hata chembe. Ninachoogopa ni nyuso zao, na nadhani inafaa niziogope.

Kesho Jumapili nakwenda kanisani kisha nachapisha ramani kwa Hadija, ameshakubali kunifungulia mchana. Jumatatu nashuka bondeni, Kasiani akija, asipokuja. Nitapita nyumba kwa nyumba, kona hamsini na nne, na kwenye kila kona nitawaita majirani wote wasimame.

Tangu saa tisa natafuta namna ya kuanza kuongea nikifika kwenye ule mlango wa kwanza. Nimeandika sentensi ndefu, nimefuta. Nimeandika fupi, nimefuta. Iliyobaki ni hii:

Shikamooni. Mimi ndiye niliyechora ramani yenu. Toeni ile hati chini ya godoro, tuitazame pamoja.